Mti unaochanua shinani: ni wa Budha, wa Shiva, au wa Amerika?

Swali: Nilikwenda Sri Lanka kwa mafunzo ya kazi. Siku ya mapumziko mwenyeji wetu alitupeleka hekaluni, nje kidogo ya Colombo. Uani kulikuwa na mti mrefu ambao maua yake mekundu yanatoka shinani badala ya kwenye matawi, na matunda yake ni ya duara, magumu, makubwa kuliko dafu. Mwenyeji akasema huu ndio sal, mti aliozaliwa chini yake Budha. Tukiwa njiani kurudi, mwenzetu Mtamil akacheka: mti huo ni wa Shiva, mungu wa Wahindu; ua lake lina nyoka ndani. Halafu nimesoma mtandaoni kwamba wote wawili wamekosea. Nani mkweli? Na je, naweza kuupanda nyumbani Tanga? Mimi ni Mwislamu, nisije nikajipandia mambo ya ibada ya watu uani kwangu.

Jibu: Dada yangu wa Tanga, nianze na lile fupi. Mti uliouona si ule unaotajwa katika habari za kuzaliwa kwa Budha. Kwao ni Amerika ya Kusini, na Budha hakupata kuuona maisha yake yote. Hata hivyo mwenyeji wako hakukudanganya, wala yule Mtamil hakukudanganya. Kila mmoja alikueleza jambo la kweli kuhusu watu wake. Kosa liko kwa hao wa mtandaoni, wanaodhani kwamba ukishajua mti umetoka wapi basi umemaliza habari ya ibada yake.

Kisayansi unaitwa Couroupita guianensis. Hapa nitauita kurupita, tupate kwenda. Aliyeuandika kwa jina hilo ni Mfaransa Aublet, mwaka 1775, katika kazi yake juu ya mimea ya Guyana ya Kifaransa. Jenasi yake ina spishi tatu tu, na zote tatu ni za Amerika ya joto. Ukikutana na maandishi yanayosema mti huu umepandwa India kwa miaka elfu tatu, yasome kwa tahadhari: mti ambao ndugu zake wote wako ng'ambo ya pili ya dunia hauwezi kuwa mzaliwa wa kusini mwa India. Wazungu waliupa jina kwa sababu ya matunda, wakauita mti wa makombora ya mizinga, na ukiliona tunda lililokomaa, la rangi ya kutu, upana wake unafika sentimita 20 na zaidi, hutawalaumu.

Maua kutoka shinani si ajabu kwetu. Mfenesi huzaa hivyo, mkakao huzaa hivyo, mbilimbi wa uani huzaa hivyo. Kinachoshangaza kwa kurupita ni fujo yake. Vikonyo vinatoka kila upande wa shina, vimepindapinda, vingine vinafika mita 3, na vinaweza kulifunika shina hata usione gamba. Majani yako juu kabisa, kana kwamba ni ya mti mwingine.

Sasa nataka ulitazame ua lenyewe kwa karibu, maana siri yote imo humo. Ukirudi tena Sri Lanka, pita asubuhi na mapema, kabla uwanja haujafagiwa, uokote moja lililoanguka. Halidumu, ni kama siku moja tu, na huanguka zima. Lina petali sita nene, zenye unyevunyevu wa nta, njano hafifu kwa nje na waridi hadi nyekundu iliyoiva kwa ndani. Katikati kuna kisahani cheupe kilichojaa stameni fupi, zimesongamana kama nywele za brashi. Katikati ya kisahani hicho pana kitufe kidogo kilichochomoza: hapo ndipo ovari ilipo, ndipo tunda litakapotokea. Kisha, upande mmoja wa kisahani, unatoka ulimi mpana unaojikunja kwa juu na kukifunika kitufe chote, na chini ya ulimi huo kuna stameni nyingine ndefu zaidi, za waridi na njano, zinazoning'inia kwa ndani. Unusie: harufu ni nzito, tamu, na usiku huzidi.

Sisi watu wa mimea tunaona hapo ujanja wa uchavushaji. Ua hili halina nekta hata tone. Linamlipa nyuki kwa chavua peke yake, na limetengeneza chavua za aina mbili. Ile ya chini ya ulimi ni chakula, haizai. Ile ya kisahani ndiyo inayozaa. Nyuki, hasa wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao, hujipenyeza kati ya ulimi na kisahani kufuata chakula, na wakati anahangaika humo, chavua ya uzazi inampaka mwilini, anaipeleka ua la pili. Analipwa sarafu moja, anabebeshwa nyingine.

Mja wa Shiva analishika ua hilohilo na kuona kitu kingine kabisa. Kile kitufe cha katikati kwake ni lingam, alama ya Shiva. Ulimi uliojikunja ni kichwa cha swila aliyetanua shingo, anamkinga mungu wake. Stameni zilizosongamana kuzunguka kitufe ni umati wa wacha Mungu waliokusanyika. Na usidhani hiyo ni picha ya kubuniwa kwa nguvu. Katika mahekalu mengi ya Shiva kusini mwa India, lingam ya jiwe huvikwa kifuniko cha shaba au fedha chenye umbo la nyoka mwenye vichwa kadhaa, vimeinama juu yake. Mtu aliyekua akiiona sura hiyo, siku anapookota ua la kurupita hahitaji kuelezwa na yeyote. Kwa Kitamil unaitwa nagalingam, yaani naga, nyoka, pamoja na lingam. Kwa Kihindi huitwa Kailashpati, bwana wa Kailash, mlima mtakatifu, ambayo ni sifa ya Shiva mwenyewe. Ndiyo sababu utaukuta katika nyua za mahekalu ya Shiva huko Tamil Nadu na Karnataka, na maua yake hupelekwa ndani wakati wa puja, yaani ibada.

Ng'ambo ya mlangobahari, kwa Wabudha wa Sri Lanka, macho yanaona tena kingine. Kitufe ni stupa, lile jengo jeupe la kuba linalohifadhi masalio matakatifu, ambalo bila shaka uliliona hekaluni hapo. Na nyoka yupo pia, ila si yule wa Shiva. Ni Mucalinda. Simulizi lenyewe ni hili: majuma machache baada ya Budha kupata mwangaza, alikuwa ameketi katika tafakuri, ikanyesha mvua isiyokatika kwa siku saba. Mucalinda, mfalme wa managa, akatoka, akajizungusha mwilini mwake na kutandaza shingo yake juu ya kichwa chake mpaka mbingu ilipotakata. Sanamu za tukio hilo ziko kote Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo Mtamil na Msinhala, mtu wa kabila kubwa la Sri Lanka, wameokota ua moja, kila mmoja ameona nyoka anayekinga kitu kitakatifu, na wametofautiana kuhusu nani anayekingwa.

Sal hasa ni mti gani, basi? Ni Shorea robusta, mti wa misitu ya chini ya Himalaya na kaskazini na mashariki mwa India, Nepal na jirani zake. Hauna hata chembe ya undugu na kurupita. Maua yake ni madogo, ya njano iliyopauka, yanakuja kwa mashada wakati wa Machi na Aprili, msitu mzima kwa pamoja. Ni mti wa kazi: mbao yake ngumu ndiyo iliyotumika kwa mataruma ya reli enzi za Waingereza huko India, utomvu wake mkavu huchomwa kama ubani, na majani yake mapana hushonwa kwa vijiti yakawa sahani za kulia.

Katika mapokeo ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, ambayo ndiyo ya Sri Lanka, Malkia Maya, mama yake Budha, alikuwa safarini kwenda kujifungua kwao. Alipofika bustani ya Lumbini, ambayo leo iko Nepal, akalishika tawi la sal kwa mkono, na hapo akajifungua akiwa amesimama. Nguzo aliyoisimamisha mfalme Ashoka wa India ya kale kuadhimisha mahali hapo bado iko. Maandishi yake yalitambuliwa mwaka 1896, na tangu 1997 Lumbini imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nikuongezee kwamba hata ndani ya Ubudha wenyewe hawakukubaliana juu ya mti: baadhi ya maandiko ya Kisanskriti yanasema tawi aliloshika Maya lilikuwa la ashoka, mti mwingine kabisa, wenye maua ya machungwa. Kwa hiyo mabishano ya mti gani hasa hayakuanzia kwenye simu yako.

Sal unarudi tena mwishoni mwa maisha ya Budha, na hapa ndipo mimi huona uzito wake hasa. Alipojua kwamba anakufa, huko Kushinagar, aliomba atandikiwe kati ya misal miwili pacha, akalala ubavu wa kulia, kichwa upande wa kaskazini. Haukuwa msimu wa maua, lakini miti ile ikachanua, petali zikamdondokea mwilini. Andiko halikuishia kwenye muujiza. Budha anamwambia Ananda, mwanafunzi aliyekuwa akimhudumia, kwamba si kwa maua haya anayeheshimiwa aliyefikia mwangaza; anayemheshimu kweli ni yule anayeishi kwa kufuata mafundisho. Yaani mti unapewa cheo, na papo hapo waumini wanaambiwa wasiishie hapo. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, nao wana sal yao: Mahavira, mwalimu wao mkuu, kwa mapokeo yao, alifikia elimu kamili chini ya mti huo. Na huko Jharkhand, mashariki mwa India, Waadivasi, yaani wenyeji wa asili, wasio Wabudha wala Wajaini, husherehekea sikukuu ya Sarhul sal inapochanua; kuhani wa kijiji huyatoa maua yake sadaka katika kijisitu kitakatifu, na wanawake huyachomeka nyweleni. Mti mmoja, wenye nao wengi.

Ilikuwaje basi jina la sal likahamia kwenye mti wa Amerika? Ubudha ulifika Sri Lanka katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Kisiwa kina Shorea za kwake, lakini Shorea robusta haimei porini huko. Vizazi kwa vizazi watu walisikia habari za sal katika mahubiri, wakaiona imechorwa ukutani, ila mti wenyewe hawakuwa nao. Mti wa bodhi, ule ambao Budha alipata mwangaza chini yake, walikuwa nao: tawi lililoletwa na Sanghamitta, binti wa Ashoka, lilipandwa Anuradhapura na linaheshimiwa mpaka leo. Sal ilikuwa shida zaidi. Mbegu yake hupoteza uhai haraka mno, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi tangu ianguke, na zamani hizo safari kutoka miguuni mwa Himalaya mpaka Sri Lanka haikuwa ya wiki moja. Kwa maoni yangu, sababu hiyo ndogo ya mbegu imechangia sana katika habari hii, ingawa wanaoandika juu ya dini huiruka.

Kisha zikaja bustani za mimea za wakoloni, zilizokuwa zikipelekeana mbegu kutoka bara moja hadi jingine. Kurupita ilipandwa katika bustani ya Peradeniya, karibu na Kandy, mwaka 1881. Mwaka 1901 mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa George V, alipanda mwingine hapohapo pamoja na mkewe Mary, na waongoza wageni wanapenda kuuonyesha. Kutoka bustanini mti ukaingia nyua za mahekalu. Ulikuwa na maua ya kunukia mwaka mzima, mengi ya kutosha kila asubuhi, na ndani yake kuna stupa na nyoka. Hakuna baraza lililokaa kuupitisha. Watu waliupa jina la mti waliokuwa wakiungoja, basi.

Wala si Sri Lanka peke yake. Thailand waliupokea mti huu na kuupanda mahekaluni, ila wao huuita sala langka, sal ya Lanka, hivyo wamejua tangu mwanzo kwamba ni sal ya namna nyingine. Japani, ambako baridi haikubali sal, nafasi hiyo imeshikwa na Stewartia, mti wa maua meupe yanayoanguka baada ya siku moja. Huitwa shara, kutokana na sal, na hupandwa katika bustani za mahekalu. Na kama unadhani kurupita ni mgeni peke yake, fikiria plumeria, ule mti wa maua meupe yenye njano katikati na utomvu wa maziwa, ambao hata kwetu pwani uko mabarazani. Kwao ni Mexico, Amerika ya Kati na Karibi. Leo Sri Lanka ndilo ua la madhabahu, Bali hutumika sana katika sadaka, na Laos ndilo ua la taifa. Sijamsikia mtu akiwaambia Walao warudishe.

Nikirudi kwa mwenyeji wako: alipokuambia "huu ndio sal", kwa lugha ya Kisinhala yuko sahihi, maana hilo ndilo jina lake huko. Anapodai kwamba Maya alishika tawi la mti huo hasa, hapo mimea haimuungi mkono, na watawa wengi wenye elimu huko wanalijua hilo vizuri. Hawaoni haja ya kuukata. Katika ibada yao ua halitolewi kwa sababu ya nasaba yake. Uliona bila shaka watu wakipanga maua mezani mbele ya sanamu, wakiyanyunyizia maji. Aya wanayosoma wakati huo, kwa Kipali, inasema kwamba kama ua hili linavyonyauka, ndivyo na mwili wangu uendavyo kwenye kuharibika. Ua linalokufa siku hiyohiyo lililochanua linafaa kazi hiyo kuliko mengi. Jambo moja la adabu, ikiwa utarudi: ua la kutoa sadaka halinusiwi kabla. Hilo wanaafikiana Wabudha na Wahindu. Lililoanguka chini, ambalo hulipeleki popote, nusa utakavyo.

Kuhusu Tanga sasa. Swali la sheria ya dini mpelekee sheikh wako. Mimi nimesomea majani. Ninachoweza kukuthibitishia ni kwamba mti huu unapandwa katika bustani za mimea na kandokando ya barabara nchi nyingi za joto na watu wasioujua utakatifu wake wowote, na huko kwao Amerika umesimama msituni, nguruwe wa porini wanakula matunda yake, nao hauna habari na Shiva wala Budha.

Hali ya hewa ya Tanga, yenye joto na mvua za kutosha, haina ubaya nao. Mbegu ni nyingi, tunda moja huwa na mia kadhaa, na huota bila taabu zikiwa mbichi. Ila kuna mambo ambayo picha za mtandaoni hazikuonyeshi. Mti mkubwa hufika mita 30 na zaidi. Majani huyapukutisha yote kwa mkupuo, hata zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo fagio halipumziki. Tunda likianguka hupasuka, na nyama yake, nyeupe kwanza, hugeuka buluu ya kijani ikipigwa na hewa, na kunuka vibaya kiasi kwamba kuku watafurahi na majirani hawatafurahi. Na tunda lenyewe lina kilo kadhaa. Usiupande palipo na kibaraza cha kukalia, njia ya watoto wa madrasa, au mahali mzee anapoegesha gari. Weka uwanja mtupu kuzunguka shina, au kata matunda yangali madogo, maua utabaki nayo.

Mbegu usizilete mfukoni. Kuingiza mbegu za kigeni Tanzania kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Hii si urasimu wa bure. Wadudu na magonjwa mengi ya mashamba yetu yalifika kwa mifuko ya namna hiyo.

Na kama kilichokuvutia ni ua na si tunda, ndugu ya kurupita unaye hapohapo: mtomondo, Barringtonia racemosa, wa familia moja na mti uliouona Colombo. Humea kando ya mito na vijito vya pwani, nyuma kidogo ya mikoko. Mashada yake ya maua meupe na ya waridi, yaliyojaa stameni, huning'inia chini, hufunguka jioni na kuanguka asubuhi. Haukui mkubwa wa kutisha, unapenda udongo wenye maji, na hauhitaji kibali cha forodha. Okota tunda lililokomaa, lipande zima, nusu yake likiwa juu ya udongo, na usiache kulimwagilia. Watoto tu uwaonye: mbegu zake ndizo wavuvi wa zamani walizosaga kulevya samaki, hazitiwi mdomoni.